Kupambanua Jamii za Nyota na Kuhesabu Nyota Maradufu katika Fungunyota Tufe

Katika siku za giza, mwezi usipokuwepo, mtu anayesimama Bangwe, Kigoma, baada ya saa mbili za usiku huona Ziwa Tanganyika limejaa nukta za taa za wavuvi wa dagaa, na kwa macho ya mgeni kila nukta ni taa moja. Mzee mmoja aliyevua kwa miaka mingi aliwahi kunionyesha nukta iliyokuwa mbali kidogo na nyingine, iliyong'aa kupita jirani zake na kuyumba kwa namna yake ya pekee, akaniambia, "Mwalimu, hizo ni mbili. Taa moja haichezi hivyo." Nilikaza macho nisizione mbili, lakini hoja yake ilikuwa sahihi, na ndiyo hoja ileile wanayoitumia wanaastronomia kutambua nyota maradufu, yaani nyota mbili zinazozungukana zikiwa mbali nasi kiasi kwamba hata darubini kubwa huziona kama nukta moja. Ama mwanga wake umezidi ule unaotarajiwa, ama mwendo wake unabadilika kila unapopimwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo au mwalimu wa fizikia mwenye kompyuta ya mkononi, kifurushi cha intaneti na jioni kadhaa za utulivu. Kazi yenyewe ni kuchukua fungunyota tufe moja, kugawa nyota zake katika jamii kulingana na elementi zilizomo ndani yake, kisha kutafuta ni nyota ngapi katika kila jamii zilizo maradufu. Nasisitiza kwamba kazi hizi mbili zifanywe kwa kutazamana, kwa sababu nyota maradufu isiyotambuliwa huharibu hesabu ya kemia, na jamii isiyopambanuliwa vizuri huharibu hesabu ya nyota maradufu. Anayefanya moja bila kuijali nyingine atapata jibu, lakini litakuwa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Kuchagua fungunyota

Fungunyota tufe ni mkusanyiko wa nyota kuanzia makumi ya maelfu hadi zaidi ya milioni moja, zilizoshikwa pamoja na mvutano wake zenyewe katika umbo la mviringo, na katika galaksi yetu mengi ya mafungunyota hayo yana umri wa kati ya miaka bilioni 10 na bilioni 13. Yanayojulikana ni zaidi ya 150. Msomaji asiyachanganye na Kilimia, ambacho ni fungunyota wazi, changa na lenye nyota chache, ingawa ndicho wazee wetu walichokitazama ili kujua msimu wa kilimo.

Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na hilo ni bahati yetu. Katikati ya mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha, fungunyota la Omega Centauri hufika nyuzi 47 hivi juu ya upeo wa kusini karibu saa tatu usiku, na huonekana kwa macho matupu kama nyota iliyofunikwa na ukungu mwembamba. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawalioni kabisa. Ukiazima darubini ya macho mawili, anza nalo kwa kulitazama tu, maana ni vigumu kumshawishi mwanafunzi akae na jedwali la namba kabla hajakiona kitu chenyewe.

Kwa hesabu, hata hivyo, sishauri kuanza na Omega Centauri. Katika mafungunyota mengi kiasi cha chuma hulingana kwa karibu sana kutoka nyota moja hadi nyingine, lakini katika Omega Centauri kinatofautiana zaidi ya mara kumi, kwa hiyo jamii zake ni nyingi na zimeingiliana kiasi cha kumchosha hata aliyebobea. Chaguo langu kwa anayeanza ni NGC 3201, lililoko katika kundinyota la Tanga (Vela). Sababu ya kwanza ni mwendo wake: fungunyota hili linatukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 494 kwa sekunde, na kwa kuwa nyota za kawaida za galaksi yetu zilizo upande huo hazifikii kasi hiyo, wageni hujitenga wenyewe kwenye jedwali. Sababu ya pili ni kwamba nyota zake hazikusongamana sana, na hivyo nyota maradufu nyingi zimeweza kubaki salama. Ya tatu ni kwamba limekwisha kutoa ushahidi wa ajabu: mwaka 2018 watafiti waliotumia kifaa cha MUSE kwenye darubini ya Very Large Telescope nchini Chile walitangaza nyota inayoyumbishwa kila baada ya siku 167 na kitu kisichoonekana chenye uzito usiopungua mara nne ule wa Jua, na maelezo yanayokubalika ni kwamba kitu hicho ni shimo jeusi.

Takwimu zinapatikana bure. Mradi wa APOGEE ulipima spektra za nyota (mwanga uliotandazwa kwa rangi zake, ambamo kila elementi huacha mistari yake) katika mwanga wa infraredi kwa darubini moja iliyoko Marekani na nyingine iliyoko Chile, na toleo lake la 17, lililotoka Desemba 2021, lina jedwali maalumu la mafungunyota tufe lenye nyota zaidi ya 6,000 kutoka mafungunyota 72. Pakua jedwali hilo dogo, si orodha kamili ya mradi mzima. Mimi nilianza kwa kushupalia orodha kamili, kifurushi kikakatika faili likiwa limebaki robo tu kumalizika, na sikuwa nimeweka programu ya kuendeleza upakuaji ulioishia njiani. Kulifungua jedwali, tumia programu ya TOPCAT, ambayo nayo ni ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Anayejua Python anaweza kufanya kila kitu kwa Python.

Kuzielewa namba za kemia

Safu utakayokutana nayo kwanza ni [Fe/H]. Namba hii hulinganisha uwiano wa chuma kwa hidrojeni katika nyota na uwiano huohuo katika Jua, na imeandikwa kwa logi ya msingi wa kumi, kwa hiyo sifuri maana yake ni sawa na Jua, hasi 1 ni sehemu moja ya kumi, na hasi 2 ni sehemu moja ya mia. Fungunyota la 47 Tucanae lina karibu hasi 0.7, yaani moja ya tano ya chuma cha Jua. NGC 6397 lina karibu hasi 2. NGC 3201 liko katikati, karibu hasi 1.5. Vivyo hivyo, [Al/Fe] ya 1 ina maana kwamba alumini ikilinganishwa na chuma ni mara kumi ya ilivyo katika Jua. Wanafunzi wengi huisoma namba hii kana kwamba ni asilimia, na kosa hilo likiingia mwanzoni hufuata kazi nzima hadi mwisho.

Jambo linalofanya mafungunyota haya yawe na jamii zaidi ya moja ni kwamba elementi nyepesi haziko sawa. Nyota zenye oksijeni nyingi zina sodiamu kidogo, na zenye sodiamu nyingi zimepungukiwa na oksijeni. Kaboni na nitrojeni hupingana kwa namna hiyohiyo, na katika baadhi ya mafungunyota magnesiamu na alumini pia. Alama hizi zinaeleweka. Hidrojeni inapoyeyungana katika joto kali, kaboni na oksijeni hugeuzwa kuwa nitrojeni. Joto likizidi, neoni hugeuzwa kuwa sodiamu. Na likikaribia kelvini milioni 70, magnesiamu huanza kugeuzwa kuwa alumini. Kwa hiyo jamii ya pili imetengenezwa kwa gesi iliyopitia tanuri la namna hiyo, ilhali jamii ya kwanza ina kemia ya kawaida ya nyota kongwe za galaksi.

Swali la haki ni kama nyota zenyewe zingeweza kuwa tanuri hilo. Haziwezi. Nyota tunazoziona leo katika mafungunyota haya zina uzito usiozidi takriban 0.8 ya Jua, na viini vya nyota ndogo kiasi hicho havifikii joto linalohitajika. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Raffaele Gratton walionyesha kwamba upinzani wa sodiamu na oksijeni upo hata kwa nyota za NGC 6752 ambazo ndiyo kwanza zinaondoka kwenye safu kuu (hatua ndefu ambamo nyota huunguza hidrojeni ya kiini chake), yaani nyota ambazo hazijapata nafasi ya kuchanganya tumbo lake na uso wake. Nyota hizo zilizaliwa hivyo, au zilipakwa na kitu kingine. Neno "zilipakwa" tuliweke akilini, kwa sababu hapo ndipo nyota maradufu zinapoingia.

Ni kitu gani hasa kilikuwa tanuri, bado kuna mabishano: wapo wanaotaja majitu mekundu (nyota zilizovimba uzeeni) ya hatua za mwisho, wapo wanaotaja nyota nzito zinazozunguka kwa kasi, nyota nzito maradufu zinazomwaga gesi yake, au nyota moja kubwa mno yenye uzito wa maelfu ya Jua. Ndiyo maana katika mwongozo huu nasema "jamii" badala ya "vizazi". Neno vizazi linadai kwamba moja ilitangulia nyingine kwa muda mrefu, na hilo halijathibitishwa.

Kusafisha orodha

Chagua nyota za NGC 3201 zenye spektra safi. Kikomo cha uwiano wa ishara kwa kelele cha 70 kinatosha. Kisha tumia mwendo wa nyota angani uliopimwa na Gaia, chombo cha anga cha Ulaya: wanachama wa fungunyota hili husogea karibu milisekunde-tao 8.3 (milisekunde-tao ni sehemu moja ya 3,600,000 ya nyuzi) kwa mwaka kuelekea mashariki na karibu 2 kuelekea kusini, na nyota iliyo mbali sana na namba hizo iondolewe.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vingi huupita kimyakimya. Kasi za wanachama hutawanyika kwa kilomita chache tu kwa sekunde, na mazoea ya kitakwimu yanakushawishi ukate kila kilicho nje ya mitawanyiko mitatu. Ukifanya hivyo utakuwa umezitupa nje nyota maradufu ulizokuja kuzitafuta, kwa sababu nyota inayovutwa na mwenzake inaweza kupimwa siku ambayo kasi yake iko mbali na wastani. Ile nyota ya shimo jeusi hupanda na kushuka karibu kilomita 69 kwa sekunde kutoka wastani wake. Mimi huacha dirisha pana la kilomita 80 kila upande wa wastani na kuutegemea mwendo wa angani kuwaondoa wageni. Kwa fungunyota lenye kasi ya kawaida, kama 47 Tucanae ambalo linatujia kwa karibu kilomita 17 kwa sekunde, dirisha pana kiasi hicho lingejaza orodha watu wasiohusika, na sasa msomaji anaona kwa nini nililipendekeza NGC 3201.

Kugawa jamii

Chora grafu yenye [Mg/Fe] kwenye mhimili wa chini na [Al/Fe] kwenye mhimili wa wima. Utaona rundo moja chini, karibu na sifuri au chini yake kidogo, na jingine juu lililotawanyika zaidi. Watafiti wa APOGEE wamezoea kuweka mpaka kwenye [Al/Fe] ya 0.3, nami nashauri uanze hapo lakini usiusujudie: chora pia grafu ya nguzo ya alumini peke yake, utazame bonde liko wapi katika takwimu zako, kisha nyota zote zilizo ndani ya 0.1 ya mpaka uziweke kwenye kundi la tatu la wasiojulikana. Kundi hilo huwaudhi wanafunzi, kwa kuwa linapunguza orodha ambayo tayari ni fupi. Hata hivyo, ni afadhali nyota 20 zisizotumika kuliko nyota 5 za jamii moja zilizohamia nyingine, kwa sababu nyota maradufu utakazozipata ni chache na kuhama kwa moja tu kunaweza kugeuza matokeo.

Nitrojeni nayo inatenganisha jamii, ila uwe mwangalifu. Jitu jekundu linapopanda katika mng'ao, huchota malighafi kutoka ndani na kuileta usoni, kaboni ikapungua na nitrojeni ikaongezeka, bila kujali lilizaliwa katika jamii gani. Nitrojeni ilinganishwe tu kati ya nyota zenye mng'ao unaokaribiana. Alumini na sodiamu hazisumbuliwi kwa namna hii katika nyota ndogo kama hizi.

Atakayepata spektra za mwanga wa kawaida, kwa mfano kutoka hifadhi ya ESO, taasisi ya Ulaya ya astronomia, ambayo nayo iko wazi, atatumia sodiamu na oksijeni. Mistari mizuri ya sodiamu ni ile miwili iliyo karibu na nanometa 568.2 na 568.8, na mingine miwili iliyo karibu na 615.4 na 616.0. Asiivamie mistari mikubwa ya 589.0 na 589.6, hata kama ndiyo inayovutia macho, kwa sababu gesi iliyo kati ya nyota na sisi nayo huchora sodiamu yake mahali hapohapo. Oksijeni hupimwa kwenye mstari dhaifu wa nanometa 630.0, ambao umezungukwa na mistari ya oksijeni ya angahewa la Dunia. Kasi kubwa ya NGC 3201 inausogeza mstari wa nyota karibu nanometa moja nzima kuelekea wekundu, na ni lazima uhakikishe kwamba haujaangukia juu ya mmoja wa mistari hiyo ya angahewa.

Kutafuta nyota maradufu

Njia ya kwanza ni ya mwanga. Nyota mbili zinazofanana zikionekana kama moja, mwanga huwa maradufu na nukta hupanda magnitudo (kipimo cha mng'ao) 0.75 juu ya safu kuu kwenye grafu ya rangi na mng'ao. Kwa njia hii, kwa kutumia picha za darubini ya Hubble, Antonino Milone na wenzake walichunguza mafungunyota 59 katika kazi waliyoichapisha mwaka 2012, wakaona kwamba fungunyota lenye nyota nyingi zaidi huwa na sehemu ndogo zaidi ya nyota maradufu. Kwa majitu mekundu njia hiyo haifai, kwani jitu hung'aa kiasi cha kumeza mwanga wa mwenzake, mithili ya karabai iliyowekwa kando ya kibatari. Faraja ni kwamba, kwa sababu hiyohiyo, mwenza huyo haharibu sana vipimo vya elementi vya jitu. Kwenye safu kuu mambo hugeuka: nyota maradufu ya jamii moja inaweza kuangukia mahali pa rangi panapofanana na jamii nyingine, na anayegawa jamii kwa rangi peke yake atazihesabu visivyo.

Njia ya pili, ambayo ndiyo yetu, ni ya mwendo. Chukua jitu lenye uzito wa 0.8 ya Jua na mwenza wa 0.5, waliotengana kwa umbali wa Dunia na Jua. Watazungukana kwa karibu siku 320, na jitu litakwenda kwa karibu kilomita 13 kwa sekunde, kasi ambayo kifaa cha APOGEE huiona bila taabu. Watenganishe mara mia zaidi, na mzunguko utachukua karibu miaka 880 huku jitu likijongea kwa kilomita 1.3 tu kwa sekunde. Ukilipima mara tatu ndani ya mwaka mmoja hutaona badiliko lolote. Hesabu utakayoipata basi ni ya nyota maradufu zilizokaribiana tu, na ripoti iseme hivyo waziwazi.

Katika jedwali, safu ya NVISITS huonyesha nyota ilipimwa mara ngapi, na VSCATTER huonyesha kasi yake ilitawanyika kiasi gani kati ya vipimo. Baki na nyota zilizopimwa angalau mara tatu. Kisha chora VSCATTER dhidi ya mng'ao, au dhidi ya nguvu ya mvutano usoni iliyo katika safu ya LOGG, kabla ya kuamua kikomo chochote. Nasema kabla, kwa sababu mimi niliamua kwanza. Nilikata kila kilichozidi kilomita 1 kwa sekunde, nikapata orodha nzuri ya nyota maradufu, nikaipeleka kwa mwenzangu kwa furaha, naye akaniuliza swali moja tu: mbona karibu zote ni majitu yanayong'aa kuliko mengine yote? Ukweli ni kwamba majitu yaliyo karibu na kilele cha tawi lake, yaani yaliyokaribia mwisho wa kupanda kwake katika mng'ao, huchemka na kupumua, na uso wake hupanda na kushuka kwa kilomita 1 au zaidi kwa sekunde bila mwenza yeyote. Nusu ya orodha yangu ilikuwa mapovu. Sasa huweka kikomo tofauti kwa kila ngazi ya mng'ao, nikitazama mtawanyiko wa nyota nyingi tulivu za ngazi hiyo na kuchukua zile tu zilizojitenga nao dhahiri.

Gaia ina kipimo chake kiitwacho RUWE, ambacho kikizidi 1.4 huashiria kwamba nyota haisogei angani kama nyota moja inavyopaswa. Kitumie kwa nyota za pembezoni tu. Katikati ya fungunyota msongamano wenyewe hukipandisha.

Kuhesabu kwa uaminifu

Tuseme umebaki na nyota 60 za jamii ya kwanza na 140 za jamii ya pili, na ukapata nyota maradufu 3 katika ile na 2 katika hii. Asilimia 5 dhidi ya asilimia 1.4, inavutia kuandika kwamba jamii ya kwanza ina zaidi ya mara tatu. Sasa jiulize: kama jamii hizi hazitofautiani kabisa, na nyota 5 zimegawiwa kwa bahati tu, ni mara ngapi jamii ya kwanza ingepata 3 au zaidi? Kwa kuwa ina asilimia 30 ya nyota zote, jibu linakuja karibu mara 1 katika kila 6. Tofauti hiyo, basi, haijathibitisha kitu. Jaribio la Fisher, lililomo katika maktaba ya SciPy ya Python, hufanya hesabu hii kwa amri moja, lakini ifanye kwanza kwa karatasi ili uone kwa nini nyota tano hazitoshi.

Linganisha pia idadi ya vipimo. Ikiwa nyota za jamii moja zilipimwa mara sita na za nyingine mara tatu, utazigundua nyingi zaidi upande wa kwanza hata kama zinalingana. Dawa ni kutupa vipimo vya ziada kwa bahati nasibu hadi pande zote zilingane, ingawa inauma, au kutengeneza nyota maradufu za bandia kwa kompyuta na kuhesabu ni ngapi kati yake ungezikamata kwa ratiba ya kila upande.

Kusoma maana ya matokeo

Kazi unayoirudia kwa udogo iliwahi kufanywa kwa upana na Sara Lucatello na wenzake, waliochapisha mwaka 2015 vipimo vya majitu mekundu 968 katika mafungunyota kumi. Walipata nyota maradufu 21: asilimia 4.9 katika jamii ya kwanza na asilimia 1.2 katika jamii ya pili. Mwaka 2020, timu ya MUSE ikiongozwa na Sebastian Kamann ilipata tofauti ya namna hiyo ndani ya NGC 3201 lenyewe, jamii ya kwanza ikiwa tena na sehemu kubwa zaidi. Asilimia zako hazitafanana na zao, kwa sababu kila njia hukamata nyota maradufu za upana wake, lakini mwelekeo unaweza kuulinganisha.

Turudi kwenye neno "zilipakwa". Nyota ya kawaida inaweza kubadilishwa kemia ya uso wake na mwenza aliyekufa akimmwagia gesi, na ndivyo tunavyoeleza nyota zenye bariamu nyingi. Kama jamii ya pili yote ingekuwa imetengenezwa hivyo, nyota zake zingekuwa maradufu kuliko za jamii ya kwanza, maana yule aliyemwaga angebaki kando yake kama kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa. Vipimo vinasema kinyume. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote katika somo hili, kwani kipimo cha mwendo kinakata shauri ambalo kemia peke yake isingeweza kulimaliza.

Kwa nini basi jamii ya pili imepungukiwa? Douglas Heggie alieleza mwaka 1975 kanuni ambayo bado inasimama: katika umati wa nyota, zile mbili zilizoshikana kwa nguvu huzidi kushikana kila zinapopitiwa na nyota ya tatu, na zilizolegea huzidi kulegea hadi zikaachana. Mpaka kati ya kushikana na kulegea hutegemea kasi ya majirani, na palipo na msongamano mkubwa hata mapacha waliotengana kwa vipimo vichache tu vya umbali wa Dunia na Jua huhesabiwa kuwa wamelegea. Jamii ya pili kuwa na nyota maradufu chache kunaelekeza kwamba ilizaliwa mahali palipobanana zaidi, katikati ya fungunyota. Kwa hiyo usiunganishe nyota za katikati na za pembezoni katika hesabu moja. Nyota maradufu, kwa uzito wake, huzama kuelekea kitovuni, na jamii mbili huchanganyika kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo tofauti iliyo wazi pembezoni inaweza kufifia kabisa katikati. Gawa orodha yako kwa umbali kutoka kitovuni hata kama itakuachia nyota chache kila upande.

Mwisho, ongeza safu moja zaidi kwenye jedwali lako, uandike kwa maneno ni kwa nini kila nyota imeitwa maradufu na ni shaka gani iliyobaki: "vipimo vitatu tu", "iko mpakani mwa alumini", "karibu na kilele cha tawi". Toleo la nne la takwimu za Gaia limepangwa kutoka Desemba 2026, na litakuwa na vipimo vya tarehe mojamoja badala ya wastani peke yake. Nyota zinazong'aa vya kutosha katika orodha hiyo ndizo za kuanza nazo siku hiyo, na zile zilizoandikwa "vipimo vitatu tu" ziwe za kwanza kufunguliwa.